Pini ya Arobaini na Moja

Tulikuwa watu watano mezani. Wallace Edwin Prochnow, mwenye nyumba, fundi mstaafu wa kuchonga vyuma. Gazeti la mji baadaye liliandika "Walter", nalo lilikosea. Arlene, mkewe. Duane Kuehl, muuza matrekta, mkusanyaji wa bastola za Kijerumani kama Wallace na mshindani wake tangu ujanani. Bibi Eunice Haupt, shangazi yake Duane, mjane, aliyeletwa kutoka nyumba ya wazee kwa ajili ya chakula kile. Na mimi, Leonidas Kasanda, jirani yao, niliyefundisha hesabu katika chuo cha mji ule wa Wisconsin hadi mvi zikanijaa.

Sahani zilikuwa sita.

"Mwingine ni nani?" Wallace alimuuliza mkewe.

Arlene alizitazama sahani kama aliyeziona mara ya kwanza. "Sijui. Nilipanga tu."

"Ni ya Duane," Wallace akasema. "Huyu hula chakula cha watu wawili."

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, tumetoka kanisani, theluji ya kwanza imelala juu ya mapipa ya taka. Tulikula soseji za kuchoma, kabichi chachu na saladi ya viazi. Wallace hakula. Alikuwa anangoja meza isafishwe, kama mtoto anayengoja zawadi.

Sikuwahi kumwona akipiga risasi hata moja. Bastola zake alizipenda kama mwingine anavyopenda saa za mfukoni: kwa uzuri wa kazi ya mkono. Katika zile bastola za Luger za zamani, kiwanda kilipiga muhuri wa namba kwenye bastola, kisha tarakimu mbili za mwisho kikazipiga kwenye kila kipande, hata kile kidogo kama punje ya mchele. Namba zikifanana zote, mkusanyaji hulala usingizi. Kipande kimoja kikiwa kigeni, huamka nacho na hulala nacho.

Bastola namba 6241 Wallace aliinunua kwa Bibi Eunice alipofiwa na mumewe, Melvin. Vipande vyote vilikuwa na 41, isipokuwa pini inayogonga risasi. Hiyo ilikuwa na 17, tena ncha yake ilikuwa imenolewa kwa tupa hadi ikawa fupi, isiweze kugonga chochote. Wallace alimuuliza mjane mara nyingi iko wapi pini yenyewe. Jibu lilikuwa moja: imepotea.

Bibi alipohamia nyumba ya wazee, vitu vyake vilinadiwa uani. Arlene alinunua kopo la vifungo vya nguo. Wiki ile alilimwaga kopo mezani achague vifungo vya koti, na katikati ya vifungo ikalia pini ya chuma. Wallace aliichukua, akaisogeza kwenye taa. Arobaini na moja.

"Tangu siku hiyo jikoni kunanuka sufu iliyolowa," Arlene aliniambia kwa sauti ya chini tulipokuwa tukiondoa sahani. "Nimemwambia aiuze yote, pini na bastola. Mwalimu, mwambie wewe. Wewe anakusikia."

Nilimwambia. Alicheka.

"Kesho nitafikiri, Mwalimu. Leo acha niione imekamilika."

Akavaa glavu zake nyeupe za pamba, akaweka bastola juu ya kitambaa cha kijani. Hapo ndipo Bibi Eunice alipojua ameitiwa nini.

"Wallace. Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye vifungo vyako, Bibi. Uliniambia imepotea!"

"Usiitie."

"Shangazi, acha mzee afurahi," Duane akasema. "Akishamaliza atakufa kwa raha, halafu nitainunua mimi kwa mjane wake."

"Utainunua ukiwa kaburini," Wallace akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Bibi hakucheka. Aliongea akitazama mikono yake. Melvin aliitoa bastola ile kwa ofisa wa Kijerumani, msituni, katika vita. Alimwamuru ainue mikono. Ofisa akainua. Melvin akamnyang'anya bastola, akampiga nayo risasi ya uso. Mikono ilikuwa bado juu.

"Alirudi nayo nyumbani," Bibi alinong'ona. "Yule mtu naye akaja. Kila jioni, amelowa, akisimama nyuma ya kiti cha Melvin. Melvin akatoa pini. Yule mtu akaacha kuja. Alisema chuma kikipungua kipande, mwenyewe hakitambui. Kikikamilika, anakuja kutafuta mkono."

Ningependa kuandika kwamba Wallace alisita. Hakusita. Mkusanyaji aliyeishika 41 hawezi kuirudisha 17. Aliisukuma pini ndani, akaikaza kwa bisibisi ndogo. Goti la bastola, kile kiungo cha juu kinachokunjika, likapanda na kushuka, laini, bila mlio.

"Sikiliza hiyo," alisema. "Kama mlango wa kanisa."

Wakusanyaji wana desturi yao. Anayepewa silaha huifungua na kuangalia mwenyewe, hata kama mwenzake ameangalia mbele yake. Duane aliifungua. Tupu. Akanipa, nikaifungua. Nikaona mwanga wa dirisha ndani ya mtutu. Magazini yake, kasha la risasi, ilikuwa mezani, tupu pia. Nikamrudishia Wallace, naye akavua glavu ya kulia ili aishike kwa ngozi, mara moja tu.

Harufu ikaja. Sufu iliyolowa, na udongo.

Kiti cha sita kikajivuta nyuma.

Nilitazama sakafu. Alama ya buti. Ya maji. Kisha ya pili, nyuma ya Wallace.

"Arlene," Wallace alisema. "Mkono wangu."

Bastola ilipanda. Uso wake ulikuwa ukiuangalia mkono kama mtu anayeangalia nyoka. Mlio ukapasua chumba. Duane akarushwa na kiti chake, taya la kushoto limefunguka, meno juu ya kitambaa cha kijani. Damu ilinipiga machoni. Nilipopangusa, mtutu ulikuwa ukigeuka tena. Polepole. Kwa Bibi Eunice.

"Siwezi kuiachia!" Wallace alilia. "Arlene, kimbia! Siwezi!"

Nilimshika kifundo cha mkono. Kilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje. Nilikivuta kwa mikono miwili na hakikusogea.

Bibi Eunice hakukimbia. Aliinua mikono yake juu, yote miwili, akamtazama aliyekuwa nyuma ya Wallace.

Arlene alitoka jikoni na kikaango cha chuma. Alipiga. Mifupa ikalia. Vidole havikufunguka. Akapiga tena, na tena, akililia jina la mumewe, hadi mkono ukawa kama kitambaa kilichojaa kokoto. Bastola ikaanguka.

Duane, mwenye taya la kuning'inia, ndiye aliyeitoa pini. Alitambaa, akaifungua bastola kwa vidole vya damu, akaitupa pini chini ya kabati. Hakuna mkono mwingine mle ndani uliojua kuitoa.

Bibi alishusha mikono yake.

"Mmechelewa," alininong'oneza. "Ameshapata kipande chake."

Polisi hawakupata risasi ukutani wala ganda sakafuni. Waliichukua bastola. Hospitalini Duane alishonwa saa nyingi, akapona, ingawa tangu siku ile huzungumza kwa kuandika. Wallace alipigwa picha ya mkono. Daktari alidhani filamu ina uchafu, akapiga nyingine. Kisha akaniita mimi, kwa kuwa Arlene hakuweza kusimama.

Kila mfupa wa mkono wa kulia, hata ule mdogo kama punje ya mchele, ulikuwa na tarakimu mbili: 41. Zilipigwa kwa muhuri, safi, kazi ya mkono wa fundi.

Wallace aliwaomba waukate. Walimpa dawa ya usingizi, wakamfunga plasta, wakamrudisha nyumbani.

Wallace Edwin Prochnow alifariki Alhamisi iliyofuata, asubuhi, katika karakana yake, kando ya msumeno wa umeme. Mkono wa kulia haukupatikana.