Mteja wa Ottawa

Siku walimu wanapolipwa, banki za Beni hujaa hadi barazani. Kaswera hakulijua hilo. Alikuwa ametoka Butembo kumsalimia dada yake Solange, aliyeolewa Mulekera, akaona apitie banki kuuliza swali lake moja. Akajikuta amebanwa katikati ya mashati meupe ya walimu, amevaa kikwembe cha buluu chenye ndege wa manjano, begani mkoba, sakoshi aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa hicho hicho.

Swali lake lilimchosha mtu wa gishe, yule wa dirishani. Kaswera alishona sakoshi za vikwembe na kuziuza kwenye internet. Watu wa Ulaya na Kanada waliziona, wakazisifu, wakaandika kwamba wanazitaka, ila wao hulipa kwa kadi, na yeye alizoea kupokea pesa kwa simu tu. Afanyeje? Mtu wa gishe alimwonyesha mashine ndogo juu ya meza, akasema kadi hupita hapo na mwenye kadi lazima awepo. Akamwita aliyefuata.

Aliyefuata alikuwa mwanamume mrefu, shati limefungwa hadi shingoni, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Beni halikumhusu. Hakusogea.

"Dada, ile hapana kazi ya hii gishe," alisema. "Inaomba kampuni ya malipo, yenye kusimama katikati."

Aliacha nafasi yake kwenye mstari, wakatoka nje, akamweleza. Mteja akitaka kununua, hupelekwa kwenye ukurasa wa kampuni, na huko ndiko anakoandika namba ya kadi yake. Muuzaji haioni, isipokuwa tarakimu nne za mwisho. Kampuni huiuliza banki ya mteja, banki humtumia mteja namba ya siri kwenye simu ili ijue kama ni yeye kweli. Akithibitisha, malipo hupita, na baada ya siku kadhaa humfikia muuzaji, kampuni ikiwa imekata chake.

"Donc mimi na yeye hatutaonana hata kidogo," Kaswera alisema.

"Yeye ataona sakoshi. Inatosha."

Aliitwa Hippolyte, mtu wa Kananga, mwalimu wa informatique, somo la kompyuta, aliyeletwa na serikali. Hakuwa na ndugu hata mmoja katika mkoa mzima. Kiswahili chake kiliwachekesha wanafunzi, na baadaye kilimchekesha Kaswera pia, kwani kazi ya kuandikiana na kampuni ya malipo ilihitaji simu nyingi, na simu zile ziliendelea hata kazi ilipokwisha. Kaswera alimrekebisha maneno, Hippolyte akamwambia kwamba mwalimu ni yeye, si Kaswera. Barabara ilipokuwa salama Hippolyte alipanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Butembo siku ya Jumapili, akaketi upande wa wanaume kanisani kwao, akamsalimia kila mzee kwa Kinande cha kujifunza, akisema "wasingya", asante, mahali ambapo hapakuwa na cha kushukuru. Barabara ilipofungwa kwa sababu ya mashambulizi, walibaki na sauti tu.

Sauti ile Kaswera aliihitaji. Tangu wamzike mama yake, aliishi peke yake katika nyumba ya mtaa wa Furu, sebule ikiwa ndiyo atelieri yake ya kushonea. Alipika chakula cha mtu mmoja na kuacha redio ikiongea, asiisikilize. Kampuni ilipomkubali, aliufungua ukurasa wake asubuhi na jioni, na majuma yakapita bila mnunuzi. Hippolyte aliposikia amenyamaza kwenye simu, hakuuliza sababu.

Kisha akaja Myriam, wa Ottawa. Alilipa kwa kadi, malipo yakapita. Kaswera aliketi sakafuni akalia. Baada ya Myriam akaja Clémence, kisha wengine. Vifurushi vilikwenda Beni kwa Hippolyte, ambaye alisema anavipeleka kwenye magari ya Kasindi, mpakani, yanayovuka Uganda. Jumapili moja Kaswera alisimama mbele ya kanisa, akashuhudia kwamba kuna dada mmoja mbali sana ambaye Mungu amempa macho ya kuiona kazi yake. Watu wakapiga makofi. Hippolyte alikuwa ndani, ameinamisha uso.

Haukupita muda, kampuni ikaifunga akaunti. Iliandika kwamba wanunuzi wake wote wanatumia kadi moja, na kwamba hivyo ndivyo wafanyavyo wauzaji wanaojinunulia wenyewe. Kaswera alifungua ukurasa wake. Chini ya Myriam, chini ya Clémence, chini ya kila jina, tarakimu nne zilikuwa zile zile. Alimpigia Hippolyte ili amsaidie kujibu. Hakuuliza ni kadi ipi; alilitaja tu jina lake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuelewa.

Kaswera alipanda moto siku ile ile hadi Beni. Alimkuta chumbani kwake, mlango wazi, anasahihisha kazi za wanafunzi. Ukutani, kwenye misumari, sakoshi zake zote zilikuwa zimetundikwa.

"Myriam ni nani?" aliuliza.

"Ni mama yangu. Clémence ni shangazi. Niliandika majina ya watu wetu, kadi ni yangu."

"Nilikuwa namuombea. Kila siku, Hippolyte. Nilisimama mbele ya kanisa juu ya mama yako."

"Nilisikia vile unanyamaza kwa simu. Nilitaka ujue kama kuko mutu."

"Hakukuwa mutu," Kaswera alisema. "Ulinionea huruma, ukaniacha nifurahi kama mupumbavu."

Akatoka. Aliporudi nyumbani aliiandikia kampuni ukweli, akaomba kila malipo yarudishwe kwenye kadi iliyolipa. Yalirudi moja baada ya jingine, na kila mara alimwaza Hippolyte darasani, simu inalia mfukoni, naye anajua ni nini. Hippolyte alipiga mara nyingi. Kaswera hakupokea, naye mwishowe akaacha kupiga. Kanisani mama mmoja alimwuliza habari za yule dada wa mbali. "Yuko muzuri," alijibu, akatoka kabla ya baraka.

Akaunti ilifunguliwa tena. Aliendelea kushona, kwa maana hakujua kufanya lingine. Na siku moja wakati wa mvua ukaja ununuzi wa Abigaïl, wa Liège, Ubelgiji. Kaswera aliutazama kwa mashaka, akashona, akatuma mwenyewe. Abigaïl alipoupokea mzigo, alipiga simu. Alizaliwa Alimbongo, kusini mwa Butembo, aliongea Kinande kwa haraka, na alikuwa amekasirika: mkanda wa sakoshi ulikuwa mfupi, nani alimwambia kwamba wanawake wa Liège ni watoto? Kaswera aliomba msamaha, akaahidi mkanda mwingine, akakata simu na kucheka hadi akajishika mbavu. Myriam hakuwahi kulalamika. Huyu alikuwa mtu kweli.

Kicheko kilipokwisha, nyumba ilikuwa kimya, na hapakuwa na wa kumwambia. Alimpigia Hippolyte.

Hippolyte alimsikiliza hadi mwisho, akacheka pia, kisha akasema ameandikiwa uhamisho: anarudishwa Kananga. Aliomba aje kumuaga. Alikuja na sakoshi zote katika gunia, akasema malipo yamerudi, basi mali ni ya mwenyewe. Aliketi kwenye kiti cha wateja, magoti juu, akamwomba amwoe.

Kaswera alikunja kikwembe kilichokuwa mezani, akakikunja tena.

"Leo nikisema ndiyo, itakuwa juu naogopa kubaki mwenyewe mu hii nyumba," alisema. "Wende. Ukifika kwenu, kama ungali unataka, rudi na watu."

Alikwenda. Mvua zikaisha, zikaanza nyingine. Waliongea mara chache, wote wawili wakichagua maneno. Abigaïl alileta rafiki zake, nao wakaleta malalamiko yao. Kaswera alizima redio wakati wa kula, akajaribu kuizoea sauti ya kijiko chake.

Asubuhi moja, saa nne, Hippolyte alipiga simu. Alikuwa Mavivi, uwanja wa ndege wa Beni, pamoja na baba yake mdogo. Lakini barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa tangu alfajiri, na hakuna aliyejua kama ingefunguliwa kesho au kesho kutwa.

"Baba mudogo anauliza kama watu wa kwenu banapokeaka bageni hivi," alisema.

"Umwambie tunamungojea." Kaswera aliweka mkasi chini. "Mais wewe, uniulize sasa. Usingojee barabara."

Akamuuliza. Kaswera akasema ndiyo, peke yake katika atelieri, akakaa na simu sikioni hata baada ya maneno kwisha, akisikiliza pumzi ya mtu aliye Beni.