Suruali ya Mtu Asiyekuwepo

Kila asubuhi, baada ya mchakamchaka na kukaguliwa kucha, wanafunzi wa shule ya akina Twalib kule Chang'ombe huingia madarasani kwa ngoma. Mfaume hupiga ngoma kubwa, na Twalib wa darasa la tano hupiga ndogo, ile inayoning'inizwa shingoni na kupigwa kwa vijiti viwili. Tangu apewe vijiti vile, hakuna tena aliyemwamsha asubuhi. Mama yake, Bi Chausiku, alisema ngoma hiyo imefanya kazi ambayo yeye na ndoo ya maji baridi walishindwa.

Twalib alikuwa mwembamba. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Wali akiongezewa anaumaliza, na ukoko anaufuata sufuriani, ila hakuna aliyejua chakula chote kile kilikwenda wapi. Mfaume, ambaye ni mnene na mwenye maneno mengi, alimpachika jina la Kimbaumbau, na shule nzima ikaitikia. Twalib alicheka pamoja na wenzake, lakini moyoni jina lile lilimchoma.

Mahafali ya darasa la saba yalipokaribia, Madam Vaileth, mwalimu wa bendi, alitangaza kwamba wapiga ngoma wote watavaa suruali ndefu nyeupe, zisizo na vitanzi vya mkanda, ili utepe mwekundu ufungwe vizuri kiunoni. Twalib alifurahi mpaka akasahau kula embe lake.

Jumapili mama akamchukua yeye na mdogo wake, Hija, wakaenda kwenye mitumba Tandika. Walizunguka meza baada ya meza. Suruali iliyomtosha kiunoni iliishia katikati ya miguu, na iliyomtosha miguuni ilipwaya kiunoni hata Hija angeweza kuingia humo akakaa na kaka yake.

"Chukua tu, mama," muuzaji mmoja alisihi. "Atakua nayo."

"Atakua nayo lini?" mama akauliza. "Siku ya kuoa?"

Watu wa meza za jirani wakacheka, na muuzaji naye akacheka. Mama akanunua kitambaa cheupe, akasema kazi hii ni ya Bi Jokha.

Bi Jokha alikuwa fundi mzee wa ukoo wa Kiarabu, mwenye duka karibu na kiwanda cha sabuni alikofanya kazi mama. Alishona vizuri, lakini alikuwa na tabia moja iliyojulikana mtaa mzima: alipompima mtu, alikitaja kila kipimo kwa sauti huku akikiandika kwa chaki juu ya kitambaa. Waliokaa kwenye benchi walisikia kila kitu, wakatoa na maoni.

Mama alikuwa zamu ya mchana, hivyo Twalib alitakiwa aende peke yake akitoka madrasa. Alipotoka madrasa, njia nzima aliisikia sauti ya Bi Jokha ikikitangaza kiuno chake. Na siku hiyo Mfaume naye alikuwa anapimwa.

Basi akapitia nyumbani kwanza. Akavaa kaptura mbili, moja juu ya nyingine, akajizungushia mtandio wa mama kiunoni, kisha akashusha kanzu juu ya vyote. Akajitazama kwenye kioo. Akajipenda.

"Shikamoo, bibi," alisema alipofika dukani.

"Marahaba, mjukuu wangu. Pandisha kanzu nikupime."

"Naona haya, bibi. Nipime hivi hivi."

Bi Jokha akatabasamu, akazungusha futi juu ya kanzu, na akakitaja kiuno kwa sauti yake ileile. Mfaume, aliyekuwa kwenye benchi, aligeuka kutazama.

"Kumbe una mwili," Bi Jokha akasema. "Kanzu ndiyo inakuficha."

"Nimeanza kunenepa," Twalib akajibu, akatoka dukani kifua mbele huku jasho likimtiririka chini ya mtandio.

Suruali ilipokuwa tayari, ilikuwa nzuri ajabu, yenye mikunjo iliyonyooka. Twalib akaivaa chumbani, akaiachia, nayo ikashuka moja kwa moja mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akaipandisha. Ikashuka tena.

"Imekukaa vipi?" mama akauliza kutoka uani.

"Imenikaa sawasawa," akajibu, ameishika kwa mikono miwili.

Siku ya mazoezi ya mwisho akaifunga kwa kamba ya viatu. Kitambaa kilikuwa kinateleza, na alipoanza kupiga ngoma akahisi kamba inalegea. Akaishika suruali kwa mkono wa kushoto, akaendelea kupiga kwa wa kulia. Ngoma ikachechemea. Darasa la saba, waliokuwa wakiingia kwa madaha, wakapotezana miguu, na aliyekuwa mbele akakanyagwa kisigino.

Madam Vaileth akasimamisha bendi. "Twalib, mkono huo una nini?"

Twalib hakuweza kuitaja suruali mbele ya watu wote wale. "Unaniuma, madam."

"Pole sana. Kwa nini hukusema mapema? Basi upumzishe. Kesho Mfaume atapiga ndogo, tumtafute mwingine wa kubwa."

Twalib akahisi kama amemwagiwa maji. Ngoma ilikuwa imekwenda, na ni yeye mwenyewe aliyeitoa kwa ulimi wake.

"Madam, mie ndogo siiwezi," Mfaume akalalamika. "Nikiishika tu inakwenda mbio, inakuwa singeli."

"Kesho haitakuwa singeli," alisema Madam Vaileth, akaondoka zake.

Walipobaki wawili, Mfaume akamsogelea rafiki yake. "Unauma wapi huo mkono? Si jana tu umenirushia mpira?"

Twalib akatazama huku na huku, kisha akaachia ile suruali kidogo. Ikashuka. Mfaume akafungua kinywa acheke, akaona macho ya mwenzake, akakifunga.

"Bi Jokha kakosea," Mfaume akasema. "Twende tukamwambie."

Walimkuta Bi Jokha akiwa kwenye cherehani. Alimtazama Twalib aliyesimama ameshika kiuno, akavua miwani taratibu.

"Mimi ndiye niliyeshona hivi?" akauliza. Akaivuta suruali kiunoni, akaona nafasi iliyobaki. "Basi macho yangu yamekwisha. Watoto wangu walikuwa wananiambia nipumzike, nikawa mkali. Kumbe wanasema kweli. Nisamehe, mjukuu wangu. Nimekuharibia nguo na sherehe yako."

Twalib aliona mkono mzee wa bibi ukikipapasa kile cherehani kama anayeaga. Kuikosa ngoma kulimuuma, lakini hili lilimuuma zaidi.

"Bibi, hukukosea," akasema. "Siku ile nilivaa kaptura mbili ndani ya kanzu. Na mtandio wa mama. Nilijua utataja kiuno changu kwa sauti, na mie wananiita Kimbaumbau."

Bi Jokha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Macho yangu mazima. Nimeshona vizuri sana, ila nimemshonea mtu ambaye hayupo. Vua hiyo suruali."

Mfaume alikuwa amejiinamia. "Mie nilidhani unalipenda jina lile. Unachekaga."

"Silipendi."

"Basi, limekwisha."

Bi Jokha alimpima upya, bila kanzu wala mtandio. Alipunguza kiuno, lakini kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani ya mshono ili kifunguliwe Twalib atakaponenepa. Ndani ya ukanda wa kiuno akapitisha mpira wenye matundu na vifungo, wa kukaza na kulegeza. Twalib akaivaa, akaruka juu, akachuchumaa. Suruali haikusogea.

Kisha akakimbia shuleni, akamkuta Madam Vaileth akipanga viti vya wageni.

"Madam, mkono wangu hauumi. Nilikudanganya. Suruali ndiyo ilikuwa inashuka." Akaeleza yote, na mtandio pia.

Madam Vaileth akauma mdomo asicheke. "Umenikasirisha, Twalib. Ningewaambia wazazi kwamba mpiga ngoma wangu ni mgonjwa, na mimi mwenyewe ningekuwa mwongo bila kujua. Leo utapanga viti hivi mpaka viishe. Kesho utapiga ngoma."

Hajawahi mtoto kupanga viti kwa furaha namna ile.

Siku ya mahafali Twalib alipiga ngoma kwa mikono yote miwili. Darasa la saba waliingia kwa hatua moja, akina mama wakapiga vigelegele, na Bi Chausiku, ambaye alikwisha kuambiwa kila kitu na kutoa karipio lake, alikuwa wa kwanza kusimama.

Wiki iliyofuata aliwapeleka wanawe wote wawili kwa Bi Jokha, maana sasa Hija naye alitaka suruali, na Hija ni mwembamba kuliko kaka yake. Futi ilipomzunguka, alivuta pumzi, akatunisha tumbo mpaka mashavu yakavimba.

Bi Jokha akasubiri. "Sikilizeni, wajukuu zangu," akasema. "Mwili wenu hauna kosa lolote. Ukiwa mwembamba, nitakushonea ya mwembamba ikupendeze. Lakini ukinidanganya, nguo itakwenda kwa mtu mwingine, na wewe utabaki umeishika mkononi. Na uongo wa kujificha haukai peke yake. Unaomba wa pili, na mara nyingine mzigo anabebeshwa asiyehusika. Mimi nusura nifunge duka."

Twalib akamgusa mdogo wake begani. "Toa pumzi, Hija. Anataka kukupima wewe."

Hija akapumua. Futi ikalegea, Bi Jokha akaikaza, akakitaja kipimo kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.