Baridi ya Langoni

Jumamosi hiyo Jemima alikula mkate akiwa amesimama. Mkono mmoja ulishika mkate, wa pili ulihangaika na zipu ya mkoba, na simu aliibana kati ya sikio na bega.

"Ndiyo, mazoezi ya kwaya nakuja," alisema. Simu ikalia tena kabla hajameza; alikuwa Audrey, mwenzake wa netiboli. "Nakuja, Audrey! Siwezi kukosa."

"Keti ule kama mtu," alisema mama yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa bado na sare yake ya kazi. "Unakimbizwa na nani?"

"Na baridi, Mum."

Mama alicheka, lakini Jemima hakuwa anatania. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu akiwa mdogo familia yao iliishi Handsworth, katika jiji la Birmingham. Alijua jinsi majira ya huko yanavyoondoka bila kuaga. Wiki hii miti ya barabarani imejaa majani ya njano na mekundu. Wiki ijayo upepo na mvua vimeyasukumia yote kwenye mitaro. Kisha saa zinarudishwa nyuma, na mwanafunzi anatoka shuleni jua likikaribia kuzama. Kwa hiyo, kati ya Oktoba na Krismasi, Jemima alitaka kila kitu: taa za Diwali kwenye barabara ya Soho, fataki za Novemba, majani ya kurukia, soko la Krismasi katikati ya jiji. Wakati huohuo alikuwa na masomo ya ziada ya hesabu, netiboli, kwaya ya kanisa, na mdogo wake Eric wa kumchukua shuleni.

Ili yote yaenee, alikuwa amepata njia yake. Alimkubalia kila aliyemwalika, na aliyelalamika kuchelewa alimwambia, "Niko njiani."

Hakuyabuni maneno hayo. Baba yake, Mzee Mugo, aliweza kusema kwa simu, "Nimefika hapo kwa mataa," huku ameinama akitafuta soksi chini ya kitanda. Kanisani kwao, ibada iliyotangazwa kuanza saa nne ilianza saa tano, na waumini waliambiana "tuko njiani" huku wakipiga nguo pasi. Hakuna aliyedhurika, kwa sababu kila mtu alijua kupunguza. Aliyesema yuko njiani, alikuwa bafuni. Aliyesema yuko kwenye kona, ndiyo kwanza anafunga kamba za viatu.

Précieuse peke yake hakupunguza. Alikuwa rafiki wa Jemima tangu darasa la kwanza, na familia yake ilitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Alizaliwa na selimundu. Katika ugonjwa huo chembe nyekundu za damu hubadilika umbo na kuwa ngumu, zikapinda kama mundu, na zinaweza kuziba mishipa midogo. Mwili ukipata baridi au ukikosa maji ya kutosha, hatari ya kuziba huongezeka. Hapo maumivu huanza, na huwa makali sana. Précieuse alivaa glavu mbili katika kila mkono na kubeba chupa ya maji popote alipokwenda. Ukimwambia jambo kuhusu muda, alilichukua kama lilivyo na kupanga siku yake kwalo.

Siku hiyo walikuwa wamekubaliana kukutana saa nane mchana kwenye lango la bustani ya Handsworth. Wangezunguka ziwa, wakusanye majani ya mwisho, kisha waende kununua jalebi za moto. Précieuse alikuwa ameomba ruhusa kwa wiki nzima. Mama yake, Sylvie, alikubali kwa masharti mawili: avae vizuri, na awe nyumbani kabla jua halijazama.

Saa nane ilipofika, Jemima alikuwa Aston, nyuma ya nyumba ya akina Audrey. Baada ya netiboli Audrey alikuwa amemwambia, "Pitia kwetu kidogo tu," naye akapitia. Kamau, kaka yake Audrey, alikuwa amewasha jiko la mkaa katika ua mdogo wa saruji, na mahindi yalikuwa yakichomwa. Moshi uliruka ukuta ukaingia kwa jirani. Kila mtu alikuwa na koti, kofia na kicheko.

"Mimi naenda," alisema Jemima. "Précieuse ananingoja."

"Manze, utaenda kabla mahindi yaive?" Audrey alimshika mkono. "Na tumekuchomea la kwako? Wee, hiyo ni matusi!"

"Mwache aende," alisema Kamau, akigeuza hindi. "Lakini hili lake nitalila mimi, asije akanililia kesho."

Jemima alibaki. Simu ilipolia, alikimbilia chooni ili vicheko visisikike.

"Uko wapi?" aliuliza Précieuse. "Miye nimeshafika. Kumeanza kunyesha kidogo."

"Niko njiani."

"Sawa. Nangoja hapa langoni."

Hindi lilichukua muda kuiva, na lilipoiva lilikuwa la moto mno kuliwa upesi. Simu ikalia mara ya pili. Safari hii sauti ya Précieuse ilikuwa ndogo. "Jemima, nirudi nyumbani kwanza? Lakini nikirudi, Maman hataniruhusu kutoka tena leo."

"Usirudi! Niko ndani ya basi. Vituo viwili tu."

Alikuwa amesimama jikoni kwa akina Audrey, ana chumvi na ndimu vidoleni.

Alipotoka hatimaye, alikuta barabara zimejaa mashabiki waliokuwa wakielekea uwanja wa mpira. Basi lilisogea kidogo, likasimama, likasogea tena. Jemima alikaa kiti cha mbele akipiga goti kwa kiganja. Alimpigia Précieuse simu, ikaita bila kupokewa. Akapiga tena. Alipofika kwenye lango la bustani, palikuwa na manyunyu, mzee mmoja na mbwa wake, na majani yaliyolowa. Précieuse hakuwapo.

Nyumba ya akina Précieuse ilikuwa karibu na bustani. Mlango ulifunguliwa na Emery, kaka yake mkubwa, ambaye kama kawaida yake alijibu kwa Kiingereza: mtu aliyekuwa akipita alimkuta Précieuse ameketi chini karibu na lango, hawezi kusimama kwa maumivu ya miguu na mgongo. Mama alikuwa amempeleka hospitali.

Jioni mama yake Jemima alimuuliza ilikuwaje.

"Basi lilichelewa," alisema Jemima. "Kulikuwa na mechi."

Mechi ilikuwepo kweli, na basi lilichelewa kweli. Mama akapiga simu kwa Sylvie, akampa pole na kumweleza habari ya basi. Jemima alisikia sauti ya Sylvie ikisema kwamba si kosa la mtoto, barabara za jiji hili anazijua, na Mungu ambariki Jemima kwa kufika hadi mlangoni kuuliza.

Usiku huo Jemima hakulala vizuri. Siku zilizofuata alienda kila alikotakiwa kwenda, na hakutulia popote. Fataki zilipopasuka angani, marafiki zake walipiga kelele za furaha, naye alitazama simu. Kwenye netiboli mpira ulimgonga kifuani. Kwenye kwaya aliimba ubeti wa tatu wenzake wakiwa katika wa pili, na mwalimu wa kwaya akamuuliza kama ana haraka ya kufika mbinguni.

Précieuse aliporuhusiwa kutoka hospitali, Jemima na mama yake walikwenda kumwona, wakibeba chapati na sufuria ya maharagwe. Précieuse alikuwa kwenye kochi chini ya blanketi mbili. Alikuwa amepungua, na alinyanyua kikombe cha maji kwa mikono yote miwili.

"Nimemwambia, hakuna tena kutoka hadi Aprili," Sylvie alisema. "Shule, kanisa, nyumba. Basi. Nilimuuliza, kwa nini haukurudi? Nyumba iko pale pale! Anasema alisahau wakati. Mutoto wa umri huu, anajua mwili wake, anasahau wakati kwenye baridi? Ndiyo kusema hawezi kujichunga."

Précieuse alitazama ukuta. Jemima alingoja azitaje zile simu mbili. Précieuse akavuta blanketi hadi kidevuni.

Hapo ndipo Jemima alipoelewa jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Rafiki yake alikuwa amemficha. Kwa kumficha, alikuwa amekubali kuitwa mzembe, na kwa uzembe ambao hakuufanya angefungiwa ndani majira yote ya baridi. Jemima alifungua mdomo. Kisha mama yake akasema wasimchoshe mgonjwa, na wote wakasimama kuvaa makoti.

Siku iliyofuata, baada ya shule, alirudi peke yake. Sylvie alikuwa jikoni akitwanga majani ya mihogo.

"Ingia, mutoto, funga mlango. Kuko baridi."

"Anti, Précieuse hakusahau wakati," alisema Jemima kabla hajavua kofia. Alijua kwamba akivua kofia atapata nafasi ya kubadili mawazo. "Alitaka kurudi. Aliniuliza. Mimi nilimwambia asirudi, niko ndani ya basi, vituo viwili. Sikuwa kwenye basi. Nilikuwa kwa akina Audrey nakula mahindi."

Mchi ulisimama.

"Ulikuwa bado Aston?"

"Ndiyo, Anti. Mara zote mbili. Nilichelewa kwa basi baadaye, lakini kuchelewa kulikuwa kumeshaanza."

Sylvie aliuweka mchi kando. Sebuleni televisheni ilipunguzwa sauti. Précieuse alikuwa anasikiliza.

"Mama yako anajua?"

"Bado. Nitamwambia leo."

"Bon. Nenda umwambie. Miye sina la kusema saa hii. Nikisema sasa, nitasema vibaya."

Mama yake Jemima hakupiga kelele. Alimwambia tu ampigie Sylvie simu palepale na kusema kwamba ile habari ya basi, ambayo mama mwenyewe aliifikisha, haikuwa kamili, na Jemima akafanya hivyo huku mama amesimama karibu naye. Kisha alimwambia aamue mambo ya Jumamosi yatakayobaki na yatakayoachwa, kwa kuwa hawezi kuwa na Jumamosi tatu ndani ya moja. Jemima alihangaika na uamuzi huo kuliko hesabu yoyote. Mwishowe alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba hataimba Krismasi hiyo. Mwalimu alisikitika, akamshukuru kwa kumwambia mapema, akampa nafasi yake mtu mwingine. Iliuma, lakini ilikwisha.

Jibu la Sylvie lilikuja mwanzoni mwa Desemba. Daktari alikuwa amesema kwamba kutembea kidogo si kubaya, mradi Précieuse awe na joto, maji, na njia ya kurudi ndani mara moja. Siku waliyotoka kwenda bustanini ilikuwa kavu na jua jeupe lilikuwa juu ya mapaa. Sylvie mwenyewe alikwenda nao, akiwa na chupa ya chai ya tangawizi chini ya kwapa.

Usiku umande ulikuwa umeganda kuwa jalidi. Nyasi za bustani zilikuwa nyeupe, na zilivunjika kwa sauti chini ya viatu. Ukingo wa ziwa ulikuwa umeganda. Bata bukini mmoja alitua juu ya barafu, akateleza kwa makalio hadi majini, akatoka akitembea kwa maringo kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Précieuse alicheka mpaka akashika mbavu.

"Anafanana na Pasta akiteremka gari," alisema.

"Précieuse!" Sylvie alimkaripia, lakini naye aligeuza uso.

Walimimina chai. Jemima alizungusha kikombe mikononi, akatazama ziwa, akatazama njia. Bado hakuwa ameambiwa neno.

"Unangoja nikugombeze," alisema Sylvie. "Sikiliza. Kuchelewa, miye nachelewa. Jumapili hii utaniona kanisani, nitaingia wakati wa mahubiri. Kuchelewa kwako hakukumupeleka mutoto wangu hospitali. Kama ungemwambia, 'Niko Aston, nakula mahindi,' angekasirika. Angerudi nyumbani na hasira yake, angekaa kwenye joto, kesho mungegombana, basi. Lakini ulimwambia vituo viwili. Yeye akahesabu mwili wake kwa neno lako, akabaki."

"Ndiyo, Anti."

"Siku za huku ni fupi, na munataka kufurahi. Ni vizuri, mufurahi. Lakini hauwezi kuwa kila mahali, na hiyo si zambi. Mwambie mwenzako kweli pale uko, hata kama itamuudhi, ili ajue yeye afanye nini. Ukimunyima hiyo, umemunyima nafasi ya kujichunga. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na weye," Sylvie alimgeukia binti yake, "ukimficha rafiki kwa uongo, miye nitakufungia bure na yeye hatajifunza kitu. Munywe chai, inapoa."

Wakanywa. Upande wa pili wa ziwa, miti michache ilikuwa bado na majani, na watoto wengine walikuwa wakitupa vipande vya barafu kuvisikia vikilia juu ya maji. Jemima alitaka sana kufika huko. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa pale Précieuse aliposema, "Vidole vyangu vinaanza kupoa."

Walikuwa hawajafika hata nusu ya mzunguko. Jemima alitazama ile miti mara moja, akageuka, akachukua chupa ya chai mikononi mwa Sylvie, na wote watatu wakashika njia ya kurudi nyumbani.