Rangi Yangu Usiiguse

"Huyu ni nani?"

"Nani tena? Si wewe."

"Nakuuliza hivi: huyu mwanamke kwenye skrini ni nani?"

Mpiga picha aliweka kikombe cha chai mezani, akasogea. Kwenye skrini alikuwapo mchumba wake, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, ameketi dirishani na gauni la rangi ya maziwa alilojishonea mwenyewe, akisema, "Shikamoo mama, nakusubiri kwa hamu." Ndiyo video aliyomtumia mama yake wiki mbili nyuma, maana mama anaishi mbali na alikuwa hajawahi kumwona mkwe wake. Jumapili mama angefika, na Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa harusi.

Sasa jamani, Fundi si mtu wa kumdanganya rangi. Miaka tisa amekaa kwenye cherehani akitafuta uzi wa kufanana na kitambaa, na nyeusi kwake ziko za aina saba. Ndiyo maana mchumba wake alipomkalisha kwenye kompyuta miezi minne iliyopita, amfundishe kurekebisha rangi za video, alidaka kazi haraka mpaka mwalimu mwenyewe akawa anawaringia marafiki zake: "Ana jicho huyo, acheni kabisa!"

Leo jicho hilo limemgeukia mwalimu.

"Tazama mkono wangu," Fundi alisema, akairudisha video nyuma. "Hapa nauinua nirekebishe mtandio. Ukiwa chini ni mweusi, wangu kabisa. Ukifika shavuni, mweupe. Ukishuka, mweusi tena. Umenizungushia duara usoni, ukaliamuru linifuate kila ninapogeuka, ukanipausha humo ndani. Somo la wiki iliyopita hilo, mwalimu. Nimelielewa?"

Mpiga picha akanyooshea kidole dirisha la kwenye video.

"Mpenzi, ni mwanga tu. Dirisha lilikuwa..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Gauni liko vilevile, pazia liko vilevile. Mwanga gani huo unaochagua uso?"

Kijana akaacha kubisha. Akavuta kiti cha kompyuta, akakaa.

"Ni shangazi," alisema kwa sauti ya chini. "Binamu yangu alipooa, shangazi alimcheka mkewe mbele za watu, eti kaleta giza ndani. Yule dada alilia siku nzima. Sikutaka yakukute. Nilikuwa nakulinda."

"Hukunilinda. Umenionea haya."

"Sivyo! Nakupenda, unajua nakupenda."

"Unampenda huyu?" Fundi aligonga skrini kwa ukucha. "Muoe basi. Mimi simjui."

Alimpenda yule mwanaume, hilo ndilo lililomuuma. Mtu aliyemfundisha kwamba kazi ya rangi inaanza na ngozi ya mtu, kumbe ngozi ya mteja tu ndiyo yenye thamani!

"Niambie nifanye nini," Mpiga picha alisema.

"Jumapili, mbele ya mama na huyo shangazi, utaonyesha video mbili. Ile yako, na hii nitakayorekebisha mimi. Halafu useme ulichofanya, kwa mdomo wako. Ukishindwa, harusi hakuna."

"Mbele ya shangazi? Si bora unizike!"

"Nyanyuka kwenye kiti changu, nina kazi."

Akalifuta lile duara. Akainua vivuli kidogo tu, macho yaonekane. Akaacha wekundu ulio chini ya weusi wake utokeze mashavuni, pazia likang'aa zaidi ya kawaida, akaliacha ling'ae. Hakujipendelea wala hakujipunja. Alipomaliza alijitazama kwa muda mrefu, akasikia raha ya mtu aliyemaliza kazi safi.

Jumatano ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Nimwambie mama peke yake, kwa simu?"

Akajibu: "Hapana."

Ijumaa: "Naomba tuonane, hata dakika tano."

"Jumapili."

Jumapili sebule ya dada yake Mpiga picha ilijaa. Shangazi alishika kochi kubwa peke yake. Mlango ukafunguliwa, mama akaingia, na Fundi akabaki mdomo wazi. Picha pekee ya mama aliyowahi kuonyeshwa ilikuwa ya mwanamke maji ya kunde. Huyu aliyeingia alikuwa mweusi tii, mrefu, anatembea kama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Kumbe mzima! Video ile ilinitia wasiwasi. Nilimuuliza jirani, huyu binti anaumwa nini?"

Mpiga picha alisimama mbele ya televisheni. Akaonyesha video ya kwanza, kisha ya pili.

"Ya kwanza nimeiharibu mimi," alisema. "Nilimpausha mchumba wangu kwa kuogopa maneno ya watu. Ya pili ameirekebisha yeye. Mama, na picha zako pia nimekuwa nazifanya hivyohivyo. Fundi, nisamehe. Mama, nisamehe."

Shangazi akakohoa. "Sasa mbona mnanitazama mimi? Nilitania tu."

"Wifi, tulia, zamu yako inakuja," mama alisema bila kumgeukia. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe. "Rangi hii unayoiogopa umeitoa wapi? Si tumboni mwangu?"

Jitu zima likalia kwa kwikwi. Hakuna aliyemcheka, hata shangazi.

Mama akaomba video ya pili irudiwe. Akaitazama hadi mwisho, mkono wake juu ya mkono wa Fundi.

"Nani kakufundisha?"

"Yeye."

"Basi umempita. Na harusi, unasemaje? Ukikataa, mimi sitakulaumu."

Fundi alimtazama yule mwanaume mwenye macho mekundu. Alikuwa amesema yote, mbele ya wote, na hakumsingizia mtu.

"Jumamosi nitakuja," alisema. "Ila yeye siku hiyo ni bwana harusi tu, kompyuta asiiguse. Rangi ya video ya harusi naweka mimi."

Mama akacheka, akauweka sawa mtandio wake.

"Niweke mbele," alisema, "na usinipunguze hata kidogo."