Mapigo Yaliyopinduka

Waya zilikuwa zimelala mezani, hazijabandikwa kwa mtu yeyote, na bado kwenye kompyuta moyo ulikuwa unapiga.

Rukaiya hakushtuka. Alikuwa fundi wa redio na tivii, Chanika nzima ikimjua, na alifahamu kwamba waya iliyoachwa wazi hudaka kila takataka ya umeme iliyoko ukutani. Akachomoa chaja, kompyuta ikabaki na betri yake. Mstari haukubadilika. Kilima kidogo, ncha kali, kilima kidogo, taratibu, kama moyo wa mtu aliyelala. Ila ile ncha ilielekea chini badala ya juu. Akakagua waya, akidhani amezipishanisha. Zilikuwa sawa.

Kile kibati chekundu cha kupimia moyo, kilichounganisha zile waya na kompyuta, kisichozidi kisanduku cha kiberiti, alikiagiza baada ya kumzika mumewe. Khalfani alikuwa mwanamume wa kubeba mfuko wa saruji huku akipiga mluzi, akadondoka uani bila hata kushika kifua. Zahanati wakasema moyo umesimama. Basi. Hakuna aliyemwambia umesimamaje, na hasira ya Rukaiya haikupoa tangu siku ile. Akaapa atajifunza mwenyewe kuupima moyo, na wa kwanza kupimwa atakuwa Munira, binti yake pekee, aliyebaki naye kwenye nyumba ya baba mkwe, Mzee Mwishehe.

"Mama, umemwaga nini?" Munira aliuliza alipoingia kutoka shule. "Pananukia kama siku ya kumzika baba."

Kweli palinukia. Marashi ya halwaridi, yale wanayonyunyizia maiti.

Rukaiya alimketisha, akambandika vile vibandiko vitatu kifuani. Mapigo ya mtoto yakatokea, mepesi, ya haraka, ncha zikitazama juu. Halafu katikati yake likajipenyeza jingine, lililopinduka, zito, likapiga na kutulia na kupiga tena, na kila lilipopiga mapigo ya mtoto yalipungua kimo, kama mtu anayesogezwa pembeni kitandani mwake na mgeni asiyemuona, anasogea, anasogea tena, mpaka anabaki ukingoni.

"Mama," Munira alinong'ona, "nani ananigonga kwa ndani?"

Alimkimbiza hospitali. Mashine yao ikasema mtoto hana tatizo. Daktari akamtazama Rukaiya kwa huruma, na ile huruma ikamuudhi kuliko tusi. Aliporudi alimuonyesha Mzee Mwishehe ile michoro ya kompyuta. Mzee alikuwa barazani na tasbihi yake. Alitazama mara moja tu.

"Kizime hicho kidude."

"Baba, hujauliza hata ni nini."

"Nimesema kizime!" Akageuza uso, akaanza kuhesabu tasbihi upya. Rukaiya akajua kwamba mzee anajua.

Kesho yake, adhuhuri, akamleta Bi Somoe kutoka Pugu, mama mmoja mwenye sauti ya upole aliyepunga majini miaka mingi. Bi Somoe alifukiza ubani, akamnywesha Munira kombe, maji yaliyooshewa aya, akafunga kuku mweusi miguu. "Nitampandisha jini huyu aingie kwenye kuku, nikamtupe msituni," alisema kwa sauti ya chini. "Atauliza maswali. Mwanangu, wewe usimjibu hata neno. Anachopewa kwa mdomo, hukichukua."

Moshi ulipojaa, ile harufu ya halwaridi ilipanda juu ya ubani na kuufunika. Nje jua lilikuwa linawaka, lakini chumbani bati za paa zilianza kugonga, pigo kwa pigo, polepole, na Munira akafumbua macho ambayo hayakuwa yake, akacheka kwa sauti ya mtu mzima aliyeshiba.

"Nani kakuleta?" Bi Somoe aliuliza.

"Mwenye nyumba. Aliomba viwanja vyake vinunuliwe, vikanunuliwa. Akaahidi damu. Yule mwanamume nimemmaliza. Huyu ndiye niliyebakiziwa."

Rukaiya aligeuka. Mzee Mwishehe alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi.

"Mwanao!" Rukaiya alipiga kelele. "Khalfani! Ulimlilia kaburini mbele za watu, nikakushika mkono mimi, nikakupoza mimi!"

"Mie nilidhani atachukua mbuzi," mzee alisema kwa kunong'ona. "Wallahi, mama Munira. Niliahidi damu, sikusema ya nani."

"Na alipomchukua Khalfani? Mbona hukuniambia? Ukanyamaza, ukala, ukalala, na mtoto huyu yumo ndani!"

"Niliogopa."

"Mama Munira, nyamaza!" Bi Somoe alimvuta nguo. Alikuwa ameshamsogeza kuku karibu na kifua cha mtoto.

Yule kiumbe akauliza kwa upole sana, kama mgeni anayeomba maji, "Basi niende wapi?"

Na Rukaiya, ambaye alikuwa amesikia vizuri alichoagizwa, ambaye hakuwa amesahau hata neno moja, alimnyooshea kidole mzee aliyekuwa mlangoni, amechoshwa na miezi yote ile ya kuambiwa ashukuru na avumilie, akasema, "Mwingie yeye."

Bati zikanyamaza. Munira akalegea mikononi mwa Bi Somoe, akaanza kulia, kilio cha mtoto. Mlangoni mzee alikaa chini kidogo kidogo.

Bi Somoe alimfungua kuku miguu. Hakukubali chai. "Mtoto amepona," alisema akifunga kanga yake. "Wewe sijui."

Munira alirudi shule, akanenepa. Mzee Mwishehe alikonda. Jioni moja aliingia kwenye chumba cha kazi akijishika ukutani.

"Mama Munira, nipime. Nakusihi."

Alimpima. Mapigo yaliyopinduka yalijaza kioo kizima, makubwa, yenye afya. Ya mzee mwenyewe yalikuwa vijinundu tu chini yake, vinakaribia kulala na kuwa mstari mtupu.

"Vipi?" mzee aliuliza. "Tumwite tena Bi Somoe?"

Rukaiya akausoma mstari mpaka mwisho. Akambandua vibandiko, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mzima kabisa, baba. Nenda kalale."

Akazima kompyuta, akatoka kwenda kuwasha jiko. Nyuma yake alimsikia akilia, halafu akasikia kicheko, na vyote viwili vilitoka kwenye kifua kimoja.