Kipa Aliyeshuka Kwenye Gari la Bunda

Jiwe la kwanza lilipiga bati... paaa!

La pili likavunja kioo cha dirisha, vipande vikamwagika kitandani kwa mwanangu Rhobi.

"Magesa! Toka nje, msaliti wewe!"

Jamani, sauti ile naijua! Ilikuwa ya Gody, kapteni wa timu, rafiki wa mume wangu tangu wakiwa wadogo.

"Shemeji, Magesa hayupo!" nilipiga kelele nikiwa nimejificha chini ya meza na mtoto.

"Yuko wapi?"

"Si mmekwenda naye Bunda?"

Huko nje watu wakacheka. Kicheko kibaya...

"Alishuka kwenye gari kabla hatujatoka Musoma! Kipa! Siku ya mechi ya mwisho! Tumefungwa moja bila, Mama Rhobi. Watu wa Bunda wamempa nini mumeo?"

Asubuhi Magesa aliniaga vizuri, akaniambia nimwombee. Nikamwombea mchana kutwa. Sasa huyo niliyemwombea yuko wapi?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Timu yetu ni Furu FC ya hapa Kamunyonge, Musoma. Furu ni samaki mdogo wa ziwani, kwa hiyo wapinzani walikuwaga wanatutania: "Furu ni chambo! Leo tunawatunga kwenye ndoano!"

Karibu wachezaji wote ni wavuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, basi wavuvi wanapumzika.

Na msimu mzima tulicheza ligi ya mkoa kwa kufuata mwezi! Mwezi ukiwaka, vijana wamelala vizuri, tunashinda. Butiama tuliwapiga tatu kwao. Siku za giza, vijana wanatoka ziwani wanaingia uwanjani, macho mekundu.

"Refa, mwamshe huyo namba tano!" watu walikuwaga wanapiga kelele, uwanja mzima unacheka.

Mechi ya mwisho ikaangukia kwenye siku za giza. Sare tu ingetutosha kuwa mabingwa wa mkoa. Mwalo wetu huu wa wavuvi haujawahi kufika hapo.

Sasa, kwenye mtumbwi nafasi ya mtu haiachwi wazi. Usipoingia wewe, anaingia ndugu yako. Ili wachezaji walale, ndugu zao wakaenda ziwani badala yao. Nafasi ya Gody akaichukua mdogo wake, Nathan.

"Kaka, wewe lala," Nathan alimwambia mbele yangu. "Kesho ukikosa goli nijue ni uzembe, siyo usingizi!"

"Toka hapa! Wewe mwenyewe penalti unapigaga mawinguni."

Tulicheka sote. Mungu wangu... tulicheka.

Basi, turudi kwenye ile jioni ya mawe.

Ghafla mawe yakakoma. Nikachungulia dirishani.

Magesa alikuwa anapanda kutoka mwaloni, nguo zimemgandia mwilini. Nyuma yake Mugeta, mvuvi mwenzao, anachechemea. Mikononi Magesa amembeba mtu, miguu inaning'inia.

"Umembeba nani huyo?" Gody aliuliza.

Magesa akapiga magoti, akamlaza yule mtu chini taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyelala.

"Gody... ni Nathan."

Jamani, kilio cha Gody sitakisahau. Wale waliokuja na mawe ndio waliomshika asijiangushe.

Kwenye msiba, mbele ya watu wote, Mugeta akasimama na kueleza.

Alfajiri upepo uliwapindua yeye na Nathan. Yeye mawimbi yalimtupa ufukweni. Nathan akachukuliwa upande wa ndani, ameshikilia dumu tupu. Mugeta alipopata simu ya kuazima, mtu wa kwanza kumpigia alikuwa Magesa, ndiyo namba pekee aliyoikumbuka kichwani. Wakati huo Magesa yuko ndani ya gari, wanataka kuondoka. Akashuka bila kusema neno.

Hapa kwetu chombo kisiporudi linapigwa yowe. Ukilisikia unaacha kila kitu. Mchungaji anaacha mahubiri, bwana harusi anamwacha bibi harusi, mitumbwi yote inaingia majini. Hakuna anayeuliza aliyepotea ni wa nani.

"Nilitaka kupiga yowe," Mugeta alisema. "Magesa akanishika mkono. Akasema, 'Tukipiga, kila simu italia, Gody atageuza gari, timu yote itarudi. Vijana wameteseka msimu mzima, mechi itakufa. Twende sisi wawili, tutampata. Mechi niikose mimi peke yangu.'"

Na hakuna aliyemtafuta Nathan. Kila mtu alidhani ametoka ziwani akaunganisha Bunda na mashabiki.

Watu wakaanza kulia upya. Mama mmoja akaja kumshika Magesa miguu, "Baba, tusamehe kwa yale mawe!" Hata mimi nikajisikia fahari kidogo. Msaliti kumbe shujaa!

Gody akainuka pale alipokaa.

"Magesa, ulimkuta amekufa?"

Msomaji wangu, hapo mume wangu angeweza kusema ndiyo. Mugeta alikuwa ameinamisha kichwa, asingembishia. Magesa akamtazama Gody machoni.

"Hapana. Alikuwa anapumua."

"Saa ngapi?"

"Jua limeshageuka. Tulikuwa tumezunguka sana. Mtumbwi mmoja, ziwa kubwa..."

"Alisema kitu?"

Magesa akajifunika uso.

"Aliniuliza... 'Wengine wako wapi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia wanakuja, Gody. Akafumba macho. Hatukufika naye nchi kavu akiwa hai."

Gody hakumpiga. Afadhali angempiga.

"Mitumbwi ilikuwa imelala mchangani mchana kutwa," alisema polepole. "Nani alikuambia mimi nataka ubingwa kuliko mdogo wangu? Ulikuwa uamuzi wangu ule. Ukanichukulia."

Akatoka nje. Mpaka leo hawajaongea.

Ndugu zangu, watu walimwita mume wangu msaliti kwa kosa ambalo hakulifanya. Hakuuza mechi. Alifanya kwa upendo, nami najua, kwa sababu ninamsikia akilia. Lakini upendo unaomficha mwenzako habari ya damu yake unaweza kuua kama chuki. Habari mbaya ikikufikia, mpelekee mwenyewe. Usimpimie wewe kipi kitamuuma zaidi.

Juzi Magesa aliniambia, "Mke wangu, mimi kule ziwani nilisali kutoka asubuhi. Kwa nini Mungu hakunisikia?"

Sikumjibu siku ile. Nimekaa na swali lake, nimeliombea, na jibu nililopata ni zito kumpa.

Mungu alishasikia. Alishaweka watu kando ya ziwa hili, wenye mitumbwi na makasia, wanaojua kila mkondo wa maji. Walikuwa tayari wote.

Hawakuitwa.