Sanduku la Kila Alhamisi

Mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati ya soko la mitumba, Eldoret nzima ilikumbuka ghafla kwamba haina nguo za baridi. Watu wakarundikana kwenye meza ya sweta, wakivutana na kusukumana, na katikati ya vurugu hiyo mikono miwili ikakamata sweta moja: ya samawati, nzito, yenye vifungo vya mbao. Mkono mmoja ulikuwa wa Jelagat, msichana wa Soy mwenye macho ya kucheka hata akinuna, sketi yake ya kijivu imelowa hadi magotini. Wa pili ulikuwa wa Mabonga, kijana mrefu aliyevaa kofia ya kijani ya kampuni ya usafirishaji. Hakuna aliyeachilia.

"Hii ni ya wanawake," Jelagat alisema.

"Baridi haichagui, dada. Kazi imenipeleka Ainabkoi, kila wiki niko huko. Kule hata ng'ombe wanatamani sweta."

"Na mimi nafanya kazi kwa friji."

"Unauza nyama?"

"Nachunga kompyuta. Chumba chao ni baridi kushinda hiyo Ainabkoi yako."

Mabonga alimtazama, akaona macho yale, na vidole vikalegea vyenyewe. Akamwambia achukue, lakini ajue sweta ni yao wawili, na siku moja atakuja kuidai. Jelagat alicheka, akalipa, akajiambia amemsahau. Alijidanganya siku sita.

Alhamisi iliyofuata, katika hospitali ya kina mama na watoto alikofanya kazi, dereva mpya wa kubeba sanduku la kumbukumbu alibisha mlango wa chumba cha kompyuta. Jelagat alifungua akiwa amevaa sweta ya samawati. Mabonga alikuwa amesimama pale na rejista mkononi.

"Nimekuja kuangalia mali yangu," alisema.

Basi mapenzi yao yakaanzia mlangoni, maana ndani Mabonga hakuruhusiwa. Jelagat alimweleza kazi yake akiwa ameegemea kizingiti. Kulikuwa na kompyuta kubwa iliyojifanya tepu, zile kanda za kuhifadhia kumbukumbu: kwenye skrini ungeona tepu zimepangwa na nambari zao, lakini huwezi kuzishika, kwa sababu ni diski tu inayoigiza. Ilihifadhi wiki sita, kisha ikafuta za zamani ili kupata nafasi. Kwa hivyo kila Jumatano kumbukumbu za wagonjwa zilinakiliwa kwenye tepu za kweli, zile za kushikika, zenye nambari zilezile. Alhamisi tepu hizo ziliingia sandukuni, zikafungwa kwa kufuli, zikaenda kwenye ghala la Ainabkoi. Hospitali ikiungua leo, kumbukumbu ziko salama huko juu.

Mabonga hakuwa na ufunguo wala hakuutaka. Alitia sahihi, akabeba, na akifika alipiga simu.

"Limefika, mpenzi. Halijalia njiani."

"Limekula?"

"Limelala tu. Limefanana na mwenyewe."

Mwaka ukapita hivyo, wa simu na chai ya maziwa na Jumapili za kutembea mjini mkono kwa mkono. Wikendi nyingine Mabonga alikodishwa kupiga muziki kwenye harusi, na spika zake mbili kubwa zilikaa nyuma ya gari lake la kazi, Probox. Jelagat alizitania akiziita wake wenza.

Siku moja, Jumatatu, mkubwa wake Jelagat, Madam Wangeci, aliagiza tepu moja irudishwe kutoka Ainabkoi ili ijaribiwe. Ilikuwa tupu. Akaagiza masanduku yote ya wiki tano zilizopita. Tepu zote zilikuwa tupu, hakuna hata herufi moja. Madam Wangeci, mwanamke asiyepaza sauti hata akikanyagwa, aliuliza polepole kama kuna kitu njiani kinachoweza kufuta tepu. Sumaku, kwa mfano.

Woga ni kitu kibaya. Jelagat aliyafikiria masomo aliyolipiwa na baba yake, akaifikiria kazi yake, na mdomo ukatangulia moyo. Akasema dereva ana spika mbili kubwa, zenye sumaku ndani, nyuma ya gari.

Kabla ya saa kumi jioni Mabonga alikuwa amesimamishwa kazi. Akapiga simu.

"Jelagat, ni wewe umesema?"

"Nimesema tu kile kiko kwa gari. Spika ziko ama haziko?"

"Ziko. Lakini hukuniuliza sanduku huwa linakaa wapi."

Simu ikakatika. Jelagat aliuma ncha ya mkono wa sweta ili asilie mbele ya wenzake, na bado akalia.

Jumanne asubuhi alipewa kazi ya kunakili upya wiki zote tano kabla kompyuta haijaanza kuzifuta. Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Alizipitisha tepu zilizorudishwa kwenye kisomaji moja moja, maana kila tepu ina kumbukumbu ndogo ubavuni inayohesabu ni mara ngapi imewahi kuandikwa. Ya kwanza ikaonyesha sifuri. Ya pili, sifuri. Ya kumi, sifuri.

Tepu hazikufutwa. Hazikuwahi kuandikwa. Mitambo ilipofanyiwa marekebisho wiki tano nyuma, ratiba ya kunakili ilizimika, na yeye kila Jumatano alitazama skrini, akaona nambari imeandikwa "imejaa", akaenda kwenye rafu akachomoa tepu yenye nambari hiyo. Iliyojaa ilikuwa ile ya kuigiza. Ya kweli ilikuwa bado bikira. Mabonga alikuwa amebeba masanduku matano matupu kwa heshima yote.

Angeweza kunyamaza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Angenakili upya, tepu zingejaa, spika zingebaki na lawama, na hakuna mtu duniani angejua. Alikaa dakika nzima na ukimya huo, na akaona jinsi ulivyo rahisi. Kisha akaandika barua, akaitia sahihi, na kuipeleka kwa Madam Wangeci. Madam aliisoma mara mbili. Akasema wanakili kwanza, barua ya onyo itafuata, na ratiba hiyo kuanzia leo itakaguliwa na watu wawili.

Mabonga hakupokea simu. Jumatano Jelagat alimkuta kule Cheptiret, akipakua magunia ya mahindi kwenye duka la binamu yake, mabega meupe kwa vumbi. Vibarua wakaacha kazi wasikilize, kama kawaida ya watu.

"Nilikosea, na kosa lilikuwa langu," alisema. "Tepu sikuwa nimezinakili. Nikaogopa, nikakuwekea wewe lawama. Nisamehe."

"Umemwambia Madam?"

"Nimeandika. Nimetia sahihi."

Mabonga aliinua gunia jingine begani. "Basi wacha nimalize haya magunia," alisema. "Kesho ni Alhamisi."

Alhamisi saa nne, akiwa amerudishwa kazini, alikuja amenyoa, shati jeupe limepigwa pasi, rejista mkononi. Safari hii Madam Wangeci mwenyewe alimwomba radhi, akaagiza aingizwe ndani.

Mabonga alisimama mbele ya mashine kubwa kama kabati, yenye dirisha la kioo. Ndani, mkono wa chuma ulipanda kimyakimya, ukasimama mbele ya tepu moja kati ya mia, ukasoma nambari yake kwa mwanga mwekundu, ukaichomoa taratibu na kuisukuma mahali pake. Mashine ikaanza kuvuma. Hapakuwa na mtu aliyeigusa.

"Sasa inaandika," Jelagat alinong'ona. "Ya kuigiza inageuka ya kweli."

"Unajuaje safari hii?"

Ndilo swali alilostahili kuuliza. Jelagat alichukua tepu iliyokuwa tayari, akairudisha ndani, akaiamuru isomwe. Skrini ikawa ya kijivu, kama moshi wa jikoni, na katikati ya moshi huo kitu kidogo kikawa kinapigapiga, kinapigapiga, bila kuchoka.

"Hiyo ni nini?"

"Moyo. Mtoto wa wiki kumi na nane, bado tumboni. Jina limefichwa, hata mimi simjui."

Mabonga alivua kofia yake ya kijani kama anayeingia kanisani. Alitazama moyo ule mpaka macho yakamjaa maji, na hakujificha.

"Hawa ndio nimekuwa nikibeba?"

"Kabla ya wiki hizo tano, ndiyo. Maelfu."

"Na hukuniambia."

"Nilisema kumbukumbu. Nilikuwa nimezizoea, Mabonga. Nilikuwa nimesahau ni nini."

Wakasimama pale bega kwa bega, wote wawili wakiogopa kidogo mbele ya uhai mdogo namna hiyo. Sanduku lilipojaa na kufungwa kufuli, Jelagat aliomba ruhusa amsindikize Ainabkoi. Mwaka mzima hakuwahi kuona mizigo yake inakokwenda.

Mabonga alifungua mlango wa abiria. Spika zilikuwa kule nyuma. Sanduku aliliweka mbele, juu ya kiti, akavuta mkanda wa usalama na kulifunga. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea mraba uleule, kwa Alhamisi zote za mwaka. Jelagat aliiona alama hiyo, akaigusa.

"Sasa mimi nikae wapi?" aliuliza, akifuta macho kwa mkono wa sweta.

Mabonga alifungua mkanda, akaliinua sanduku. Jelagat akaingia, akapakatishwa sanduku hilo.

"Nilisema nitakuja kudai sweta," Mabonga alisema, ameinama mlangoni. "Nitakuja kwenu Soy na wazee wangu. Tutaichukua ikiwa na mwenyewe ndani, kama mwenyewe anakubali."

"Mwenyewe anakubali. Lakini baba atauliza unafanya kazi gani."

"Mwambie nabeba watoto wa watu, na sijawahi kuwaweka kwa buti ya gari."

Jelagat alilikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili. Mabonga akavuta mkanda, ukawazunguka yeye na sanduku, akaufunga, akaukagua mara ya pili.